Harufu ya Maziwa Yaliyoungua

Kila siku ya shule Kendi Muriuki aliamka saa kumi na mbili na nusu, akameza vidonge viwili vyeupe, akanywa maji, kisha akatoa ulimi nje ili mama yake aone kwamba vimeshuka kweli. Alilichukia zoezi hilo la ulimi. Alikuwa msichana wa miaka kumi na mitatu, na kila asubuhi alijiona kama mbuzi anayekaguliwa meno sokoni.

"Ume-take zote?" mama yake, Bi. Rahab, aliuliza huku akitafuta funguo za gari.

"Yeah, Mum."

Hivyo ndivyo walivyozungumza katika nyumba yao ya ghorofani, Brooklyn Park, Marekani. Mama alisema Kiswahili kilichochanganyika na Kiingereza, na Kendi akamjibu kwa Kiingereza kitupu. Mgeni angeapa kwamba mtoto huyu hajui Kiswahili. Mama mwenyewe alikuwa karibu kuamini hivyo, ingawa alijua fika kwamba Kendi alilelewa na nyanya yake huko Nanyuki hadi alipotimiza miaka saba, na kwamba siku hizo Kiingereza alikisikia redioni tu.

Ulikuwa mwezi wa Machi, na Machi ya Minnesota ni mwezi wa kutia kinyaa. Theluji iliyopendeza wakati wa Krismasi ilikuwa imegeuka uji wa kijivu, na kila kinyesi ambacho mbwa wa mtaa waliacha tangu Novemba kilikuwa kimejitokeza juu kusalimia watu. Kendi alivuka uwanja wa kuegesha magari akirukaruka, mkono mmoja puani, mpaka akamfikia rafiki yake Uwineza mahali walipongojea basi la shule.

"Angalia kiatu chako," Uwineza alisema.

"Nimekiona. Usinikumbushe."

Kendi alijibu kwa Kiswahili, tena bila kusitasita. Uwineza alikuwa amehamia nyumba ya chini miaka miwili iliyopita, akitoka Goma, bila hata neno moja la Kiingereza, na katika mtaa mzima ni Kendi peke yake aliyeweza kucheza naye. Tangu hapo Kiswahili kilikuwa lugha yao ya kituoni na ya chumba cha kufulia nguo. Nyumbani Kendi hakukitumia ila kwa simu ya shosho, yule nyanya yake wa Nanyuki, kila Jumapili, na hapo alijifungia chumbani. Alikuwa amechoka kuchekwa lafudhi na binamu zake waliokuja kuwatembelea.

Basi lilikuwa linakata kona Kendi aliposikia ile harufu. Ilikuwa harufu ya maziwa yaliyoungua, nzito, inayoganda kooni. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kuisikia, kwa kuwa haikutoka mahali popote ila kichwani mwake. Ndivyo kifafa chake kilivyobisha hodi.

"Uwineza," alisema, "maziwa..."

Akaanguka katika ule uji wa kijivu.

Uwineza hakupiga kelele. Alimlaza ubavu, akamwekea begi chini ya kichwa, akawazuia watoto wasimsonge, akatazama saa ya simu yake. Mvulana mmoja alisema atiwe kijiko mdomoni. Uwineza alimwambia akitie mdomoni mwake yeye. Baada ya dakika mbili mwili wa Kendi ulitulia, akabwabwaja maneno macho yakiwa bado yamefumba.

Alipozinduka, koti lake lilikuwa limelowa maji machafu, na mate yalikuwa yamemtiririka hadi shingoni. Wasichana wawili waliokuwa karibu walirudi nyuma, wakakunja nyuso zao kama watu walioona panya. Kendi aliwaelewa. Hata yeye alijitia kinyaa.

"Umeongea Kiswahili tena," Uwineza alimnong'oneza akimfuta kidevu. "Kila mara ni hivyo. Kiswahili kinakuja mbele, Kiingereza kinakuja nyuma."

Dawa zilikuwa zimeshindwa, na hilo halikuwa jambo la kubishania tena. Aprili, Bi. Rahab alimpeleka Kendi hospitali kubwa mjini, kwa mtaalamu wa ubongo aliyeitwa Dkt. Lindgren, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini. Huyu aliwaeleza kwa Kiingereza kwamba kifafa cha Kendi kilianzia mahali padogo upande wa kushoto wa ubongo, na kwamba mahali hapo pangeweza kuondolewa kwa upasuaji.

"Lakini upande huohuo ndiko lugha na kumbukumbu zinakokaa kwa watu wengi," alisema. "Wala hazikai mahali pamoja kwa kila mtu. Kwa hiyo kabla ya kukata chochote, nitachora ramani ya ubongo wako. Nitajua maneno yako yako wapi, ili mpasuaji asiyaguse." Akachukua kalamu. "Nyumbani mnazungumza lugha gani?"

Kendi alifungua mdomo. Mama akamtangulia.

"English," alisema. "English only."

Dkt. Lindgren alimgeukia Kendi. "Hakuna lugha nyingine unayoijua?"

Kendi alimtazama mama yake. Mama alikuwa ametabasamu lile tabasamu lake la ofisini, lisilofika machoni.

"No," Kendi alijibu.

Uongo huo haukuzaliwa siku hiyo. Ulianzia kanisani, kwenye chai na mandazi baada ya ibada, kwa Mama Goretti, mshauri wa kila jambo ambalo hakuulizwa. Yeye ndiye aliyewafundisha akina mama wageni: "Hiyo fomu ya shule ikiuliza lugha ya nyumbani, andikeni English. Ukiandika Kiswahili, mtoto anatolewa class, anapelekwa kufundishwa 'this is a cat' na watu wameshuka ndege jana." Akina mama waliitikia kwa vichwa, na fomu zote za Brooklyn Park zikajaa Kiingereza. Bi. Rahab alikuwa ameandika hivyo mara nyingi hata mkono ukazoea.

Mama Goretti huyohuyo, Kendi akimpa mkono wa salamu, alijifuta kwa leso palepale mbele ya watu. Mara moja aliuliza kwa sauti kama mate ya kifafa huambukiza. Hayaambukizi, kila muuguzi anajua, na Bi. Rahab alikuwa anafanya kazi ya uuguzi katika nyumba ya wazee kule Anoka. Alijua vilevile kwamba mgonjwa hapaswi kuficha kitu, kwa maana kila siku aliwasihi wazee wake wasimfiche. Lakini mganga hajigangi.

Shule zilipofungwa mwezi wa Juni, Kendi alilazwa. Kwanza alifumuliwa nywele zake zote alizosukwa kwa saa sita. Kisha, akiwa usingizini kwa dawa, madaktari walimtoboa matundu madogo kichwani, wakapitisha nyaya nyembamba hadi ndani ya ubongo, wakamfunga bendeji kubwa kama kilemba. Nyaya hizo zingesikiliza kifafa kinaanzia wapi. Ili kije upesi, dawa zake zilipunguzwa.

Hakuna aliyemwambia kwamba kungojea kuanguka kunachosha kuliko kuanguka. Hakuoga kichwa. Ngozi chini ya bendeji ilimwasha mpaka machozi yakamtoka, na gundi iliyoshikilia nyaya ilinuka kama rangi ya kucha iliyochanganywa na samaki. Chakula kilikuja na jibini la manjano lililoganda juu kama ngozi. Kendi alizihesabu saa, na kila saa ilimkera kivyake.

Siku ya tatu Dkt. Lindgren alikuja na kompyuta yenye picha. Kendi alitakiwa kutaja kila picha kwa Kiingereza, huku umeme mdogo usiouma ukipitishwa katika nukta moja ya ubongo baada ya nyingine. Alitaja ufunguo, sungura, kikombe. Katika nukta chache neno lilimkwama, umeme ukizimwa likarudi. Kila palipokwama, daktari alipaka rangi ya kijani kwenye ramani yake.

"Vizuri sana," alisema walipomaliza. "Pale pa kijani hatutapagusa kamwe."

Siku ya nne, saa nane mchana, Bi. Rahab akiwa kazini, harufu ya maziwa ilikuja. Kendi alizinduka kichwa kikimgonga. Jioni, Dkt. Lindgren aliketi kando ya kitanda akiwa na kompyuta yake. Chumba kilikuwa na kamera iliyorekodi kila kitu.

"Nilitaka kukueleza jambo kuhusu kifafa cha leo," alisema. "Si lazima utazame."

"Nataka kutazama," Kendi alisema. Hakuwahi kujiona.

Akajuta. Msichana wa kwenye video alitafuna hewa, akamung'unya midomo, mate yakashuka kama ya mtoto anayeota meno. Jicho moja liligeuka. Kendi alitaka kufumba macho. Ndipo yule msichana akaanza kusema.

"Shosho, maziwa yanaungua. Epua sufuria. Si mimi niliyeongeza kuni, ni paka ndiye aliyenishtua."

Aliyasema wazi, neno baada ya neno, kwa sauti ya mtoto wa miaka sita aliyesimama jikoni Nanyuki.

Dkt. Lindgren alisimamisha video. "Unasikia? Kwa dakika nne nzima unatoa sauti zisizo maneno. Hii inatuonyesha kwamba lugha yako inavurugika kabisa kifafa kikiisha. Ni habari kubwa. Itatusaidia kuamua tukate wapi."

Kendi alikauka. Maneno ya jikoni kwa shosho yalikuwa yameandikwa kwenye faili kuwa upuuzi, na kisu kingefuata faili.

"Nyaya mnazitoa lini?" aliuliza.

"Kesho asubuhi. Kazi yetu imekwisha. Utaoga kichwa."

Kuoga kichwa. Kendi aliyafikiria maji ya moto yakimshukia, akanyamaza. Daktari akamtakia jioni njema, akaenda.

Alimpigia Uwineza. Aliufungua moyo wake wote kwa Kiswahili, kwa sauti ndogo, akiutazama mlango wa chumba.

"Hawakupima Kiswahili?" Uwineza aliuliza. "Juu ya nini?"

"Mum alisema sijui."

"Na wewe?"

"Nilisema hivyo pia."

"Shosho wako anajua Kiingereza?"

"Hata neno moja."

"Basi wakikata Kiswahili chako, kosa si lao. Na mimi na wewe tutaongea kwa mikono kama mabubu. Pardon, Kendi, lakini hii ni mbaya. Sema."

Bi. Rahab aliingia saa kumi na mbili, jua likiwa bado juu, amevaa sare ya kazi na kubeba githeri ya mahindi na maharagwe katika bakuli la plastiki. Alimbusu Kendi kwenye bendeji, akaanza kupakua.

"Mama," Kendi alisema, "nataka kumwambia daktari ukweli. Ninajua Kiswahili."

Kijiko kilisimama hewani. Si kwa sababu ya habari yenyewe. Ilikuwa miaka mingi tangu mtoto huyu amwite kwa Kiswahili.

"Usianze hayo mambo," mama alisema polepole. "Nilisha-sign makaratasi. Wataniita mwongo, na mimi nafanya kazi hii hii. Na waki-cancel surgery je? Umeona vile tumengoja?"

"Walinionyesha video. Nilikuwa naongea na shosho, wao wakasema ni kelele tu. Wataandika hivyo, Mama, halafu wakate. Nikiamka Jumapili shosho akipiga simu, nitamwambia nini?"

"Kendi, tafadhali. Ni neno moja tu kwa fomu."

"Linaninukia," Kendi alisema. "Hili neno moja linaninukia kuliko hii gundi."

Macho ya mama yalikwenda kwenye kitufe chekundu cha kumwitia muuguzi, kilichoning'inia kando ya kitanda, lakini mkono wake haukuinuka. Kendi alinyoosha wake, akakibonyeza.

Dkt. Lindgren alikuwa hajaondoka hospitali. Alisikiliza amesimama, mikono mfukoni, na Kendi alipomaliza aliomba video ichezwe tena na yeye atafsiriwe kila neno. Uso wake ulibadilika. Hakupaza sauti, na huenda ingekuwa nafuu kama angepaza.

"Bi. Rahab, mimi naona tu kile ninachoonyeshwa," alisema. "Nilikuwa karibu kumdhuru mtoto wako nikiamini ninamponya." Kisha akamgeukia Kendi. "Asante kwa kusema leo. Nyaya zitakaa siku mbili zaidi. Tutaanza upya."

Siku mbili zaidi za kuwashwa, za gundi, na za jibini lenye ngozi. Kendi alilia kidogo, kisha akala githeri yote.

Asubuhi alikuja mkalimani wa hospitali, Bwana Byamungu, mzee wa Uvira mwenye miwani mikubwa. Alimsalimu Bi. Rahab kwa heshima, naye akaitikia bila kuinua macho.

"Usijione peke yako, mama," Byamungu alisema. "Miaka tisa natafsiri hapa. Wengi wetu tunaficha lugha yetu kama vile ndiyo ugonjwa wenyewe, na ugonjwa tunauacha upite."

Picha zilikuwa zilezile. Ufunguo. Sungura. Kikombe. Nukta nyingi zilipita salama, na nyingine zilikwama palepale palipokuwa na kijani. Wakafika nukta ya kumi na saba. Picha ilikuwa ya sufuria.

Kendi aliiona. Aliijua. Aliiona hata ile ya shosho, iliyopiga weusi wa masizi, mfuniko wake umebonyea. Lakini neno halikuwapo. Ulimi ulilala mdomoni kama nyama ya mtu mwingine. Byamungu alingoja. Umeme ukazimwa.

"Sufuria," Kendi alisema, akihema.

Walirudia mara tatu katikati ya picha nyingine, na mara tatu neno lilizima na kuwaka. Waliporudia kwa Kiingereza katika nukta ileile, lilipita bila taabu. Dkt. Lindgren alipaka rangi nyekundu, kisha akaigeuza kompyuta ili wote waone. Juu ya ramani kulikuwa na mstari mweusi, mpaka wa sehemu iliyopangwa kuondolewa. Nukta nyekundu ilikuwa ndani ya mstari.

"Hapa tungekata," daktari alisema. "Hapakuwa na kijani."

Bi. Rahab aliinuka, akaenda chooni haraka. Kupitia mlango, Kendi alimsikia akitapika. Alitoka amenawa uso, akaketi kitandani, akaushika mguu wa binti yake juu ya shuka, asiuachilie mpaka saa sita.

Upasuaji ulifanywa mwezi wa Julai, na mstari mweusi ulikuwa umechorwa upya. Bwana Muriuki, baba yake Kendi, dereva wa malori ya masafa marefu, aliegesha trela lake Iowa akarudi kwa basi ili awepo. Kendi alipofungua macho, mama yake alikuwa ameinama juu yake, amekumbwa na hofu hata akarudia Kiingereza chake cha hospitali.

"Kendi, can you hear me? Say something."

Kendi alilamba midomo. Alimeza mate. Alivuta hewa puani, akakunja uso.

"Mama," alisema, "hii gundi inanuka vibaya."

Bi. Rahab alicheka na kulia kwa pamoja, na muuguzi aliyekuwa pembeni akadhani kuna jambo baya limetokea.

Kufikia Septemba Kendi hakuwa ameanguka hata mara moja. Dkt. Lindgren alisema ni mapema kushangilia na kwamba dawa ziendelee, kwa hiyo zoezi la ulimi likaendelea. Jumamosi moja asubuhi fomu ya shule ilikuwa mezani, na simu ilikuwa wazi, shosho akisikika kutoka Nanyuki, ambako ilikuwa jioni. Mama aliifikia ile nafasi ya lugha. Aliitazama kitambo. Kisha akaandika Kiswahili kwa herufi kubwa, na chini yake Kiingereza.

"Umeandika?" shosho aliuliza. Alikuwa ameshaambiwa yote, na hakuwa mtu wa kumeza maneno.

"Nimeandika, Mum," Bi. Rahab alimjibu mama yake.

"Rahab, mficha uchi hazai. Nilikufundisha hilo kabla ujue kusoma, ukalisahau ulipovaa sare. Ulimsikiliza mtu anayejifuta mkono akisalimiwa na mtoto. Shule ikimweka darasa lisilomfaa, utaenda uwaambie, watamtoa. Lakini daktari akishakata, nani atarudisha?"

"Hakuna, Mum."

"Na wewe, Kendi. Mkubwa akitangulia na uongo, mtoto halazimiki kumfuata. Anayekutibu anafuata unachomwambia. Ukimdanganya, mkono ule unaoshika kisu si wake tena, ni wako. Ulibonyeza kile kitu chekundu, ukafanya la maana kuliko sisi wote. Usiache tabia hiyo. Na ile harufu yako, imerudi?"

"Haijarudi, shosho."

"Haya. Basi subirini kidogo, kwa sababu mimi ninaisikia hapa, na yangu ni ya kweli. Mmeniongelesha hadi maziwa yameungua."

Simu ilitupwa mezani upande wa pili, sufuria ikagonga jiko, na shosho akasikika akimlaumu paka. Mama alijifuta machozi ya kicheko. Kendi alivuta pumzi ndefu kwa pua, akangoja. Jikoni kwao Brooklyn Park kulinuka sabuni ya vyombo tu.